Chombo na Maji Yake

Katika nchi ya Ugogo mtoto aweza kufika umri wa miaka kumi na miwili asiwe ameona chombo kikielea juu ya maji. Mito ipo, tena majina yake yajulikana na wote: Bubu, Kinyasungwe, Kizigo. Lakini kwa miezi mingi mto huko ni njia ya mchanga tu, na atakaye maji yake hufukua kwa mikono mpaka yatoke. Mvua huanza mwezi wa Desemba na kukoma Aprili, na kwa kawaida kipimo chake hakifiki milimita 600 kwa mwaka mzima. Inaponyesha kwa nguvu, maji hushuka kwa kishindo, hung'oa miti na kuchukua ng'ombe, na baada ya siku chache yamekwisha. Mto wa namna hiyo haufai kwa chombo: ukijaa ni mkali mno, na ukipungua haupo.

Pana mahali, hata hivyo, ambapo vyombo vinaonekana. Ni Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, ambapo Mto Ruaha Mkuu ulizibwa kwa ukuta, na kazi ikamalizika karibu mwaka 1980. Maji ya Kizigo nayo huingia humo. Bwawa likijaa hutanda zaidi ya kilomita za mraba 600, na wavuvi hulisafiri kwa mitumbwi. Lakini mvuvi wa Mtera hawezi kushuka baharini, ingawa maji anayoelea juu yake huishia huko. Chini ya ukuta kuna magenge na maporomoko, nayo maji yana karibu mita 700 za kuteremka kabla ya kuonja chumvi.

Katika nchi nyingine watu walishindana na miteremko wakaishinda, kwa kuwa faida ya kusafiri majini ni kubwa. Kabla ya reli kufika Dodoma mwaka 1910, karibu mizigo yote iliyopita Ugogo kutoka Bagamoyo hata Tabora ilichukuliwa na wapagazi, kila mtu kilo 30 hivi. Huko Uingereza, farasi mmoja aliyetembea ukingoni mwa mfereji alivuta kwa kamba mashua yenye shehena ya tani 25. Huo ni mzigo wa wapagazi zaidi ya 800. Farasi yule hakuwa na nguvu za ajabu. Uzito wote ulibebwa na maji, na kazi yake ilikuwa kuitelezesha mashua tu.

Mfereji wa Bridgewater, uliopeleka makaa ya mawe katika mji wa Manchester, ulifunguliwa mwaka 1761. Msimamizi wa kazi yake, James Brindley, baadaye alichimba mifereji mirefu zaidi ya kukata nchi, naye akaifanya kuwa myembamba ili kupunguza gharama na kuokoa maji. Kwa hiyo mashua zake zilikuwa nyembamba kama kisu: urefu futi 70, upana futi 7 tu, yaani mita 21 kwa mita 2 na kitu. Familia nyingi za mabaharia ziliishi humo, baba, mama na watoto, katika chumba cha nyuma kisichozidi mita 3 kwa urefu, ili nafasi yote iliyobaki iwe ya shehena. Siku hizi mashua hizo huendeshwa kwa injini, na wengi wanaozisafiri ni watu wa mapumziko au waliozifanya nyumba zao.

Mashua hupandaje kilima? Mfereji hukatwa vipande kama ngazi, na kati ya kipande na kipande hujengwa chumba cha mawe chenye milango juu na chini. Chombo kinachopanda huingia kwa mlango wa chini, nao hufungwa nyuma yake. Kisha kitundu hufunguliwa juu, maji huingia polepole, na mashua huinuka pamoja nayo mpaka yalingane na yale ya juu. Hapo mlango wa pili hufunguka kwa kusukumwa na mtu mmoja. Kabla ya kulingana hata ndovu hawezi kuufungua, maana maji yenyewe huubana. Chombo kinachoshuka hufanya kinyume chake, na baharia wake hujihadhari kizingiti kisishike tezi, kwani sehemu ya mbele ikishuka na ya nyuma ikabaki juu, mashua huzama papo hapo.

Kazi hiyo hunywa maji. Chumba chenye urefu wa mita 22, upana wa mita 2.2, na mwinuko wa mita 2, kila kijazwapo huchukua lita 96,800. Kwa debe la lita 20, hayo ni madebe 4,840, na yote hushuka bondeni kwa ajili ya kupitisha chombo kimoja. Ndiyo sababu Waingereza walichimba mabwawa juu ya vilima ili kuilisha mifereji yao. Kutoka Mtera hata baharini vingehitajika vyumba 350 vya namna hiyo. Hesabu hiyo inatosha kueleza kwa nini hakuna aliyejaribu.

Maji ya Ruaha, basi, huteremka bila chombo mpaka yaungane na Rufiji. Tangu Desemba 2022 huzuiwa mara nyingine katika bwawa la Julius Nyerere. Kisha mto hutulia, hutanda uwandani, hupita Utete na chini ya daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, hata ukafika penye mikoko. Hapo hugawanyika katika vijito vingi vinavyomiminika baharini kuelekea Kisiwa cha Mafia.

Katika sehemu hiyo bahari huingia mtoni mara mbili kila siku. Maji yanapojaa, mkondo husimama, halafu hugeuka na kupanda bara. Yanapopwa hurudi kwa kasi na kuacha matope matupu. Kila siku majira hayo huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana; katikati yake huwa maji mafu, yasiyokwenda mbali. Nahodha asiyeujua mwezi hana kazi katika mto huo.

Anayetaka kupanda hungoja maji yajae, naye huchukuliwa nayo kwa jasho kidogo. Anayetaka kushuka hufuata yanayopwa. Chomboni huwa na nanga yenye kamba ndefu, upo wa kufulia maji, na upondo, ambao ni wa kusukumia na pia wa kupimia kina. Akiwa na shaka hupita kwenye fungu maji yakiwa yanajaa, si yakiwa yanapwa. Kwa maana akikwama wakati wa kujaa, bahari yenyewe itamwinua baada ya kitambo. Akikwama wakati wa kupwa, asipojisukuma mara moja atakaa saa nyingi, naye hushuka matopeni kuweka magadi ili chombo kisilale ubavu. Ubaya upitao wote ni kukwama katika kilele cha bamvua. Maji yanayofuata hayatafika kimo kile, na chombo chaweza kukaa pale hata bamvua nyingine, siku kumi na nne au zaidi. Tena upepo ukivuma kinyume cha mkondo, mawimbi huwa mafupi na makali, na mtumbwi uliojaa shehena hujaa maji upesi.

Kwa wenyeji wa visiwa vya mikoko mambo hayo si ya wavuvi na wachuuzi peke yao. Mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa akihitaji kupelekwa hospitali usiku, nao kijito kimepwa, hakuna mtumbwi wala injini itakayomsaidia. Jamaa zake hukaa naye ukingoni wakiyatazama maji.

Mto huo uliwahi kuamua hata mambo ya vita. Mwaka 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha ndani ya Rufiji baada ya kuzamisha manowari ya Kiingereza huko Unguja tarehe 20 Septemba. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata mafunguni. Hatimaye zililetwa manowari mbili zenye matako bapa, zisizohitaji hata mita 2 za maji, nazo zikapanda mto na kuiangamiza tarehe 11 Julai 1915. Ziliitwa Severn na Mersey, majina ya mito miwili ya Uingereza ambayo bahari huipanda.

Katika Severn maji ya bamvua hupanda mita 12 na zaidi. Pale Sharpness, mashua nyembamba hutoka katika mfereji uliotulia na kuingia mto huo. Anayesafiri kwa busara humchukua rubani, hufunga matundu yote ya ubavuni, huweka nanga tayari, na kila mtu huvaa koti la kuelea. Mashua ile ile iliyoingojewa na maji mfereji mzima, sasa lazima iyangoje maji.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa bara hulisahau. Maji ya mto ndiyo yanayoisukuma chumvi irudi baharini. Sehemu kubwa ya maji ya Rufiji hutoka Kilombero, na Ruaha huongeza kidogo. Tangu mwaka 1993, Ruaha wa juu ya Mtera umekuwa ukikatika karibu kila kiangazi, kwa kuwa maji mengi huchukuliwa mashambani Usangu. Mto ukipungua nguvu, chumvi hupanda na kuunguza mpunga katika mashamba ya visiwani. Maji ya chumvi ni mazito kuliko matamu, hivyo hupita chini na kuyaacha matamu juu. Kwa hiyo atakaye maji ya kunywa huko huteka maji yanapopwa, juu juu bila kukizamisha chombo chake, naye huyaonja kwanza kabla ya kujaza mtungi.