Kompyuta Inaposema: "Jina Hili Silijui"

Katika toleo hili tunawaletea somo fupi kwa watunza hazina, makatibu wa kamati na vijana wanaotusaidia kuandaa taarifa kwa kompyuta. Wafadhili nao litawafaa, kwa kuwa jumla wanazozisoma katika taarifa za miradi hutokana na kazi hii.

Jina na thamani yake

Tuchukue mfano wa stoo ya mbegu. Kila gunia lina lebo. Mtunza stoo akiambiwa alete gunia la Haydom, husoma lebo na kulileta. Programu ya kompyuta nayo hufanya hivyo: tunaipa namba jina, kisha tunaliita jina hilo tunapoihitaji namba. Huu ni mfano wa kubuni katika lugha ya Python, wa michango ya mradi wa maji kwa maelfu ya shilingi:

haydom = 400
dongobesh = 250
jumla = haidom + dongobesh

Huku kwetu wapo wanaoandika Haydom na wapo wanaoandika Haidom, na wote tunaelewana. Kompyuta haielewi hivyo. Itasimama na kuandika:

NameError: name 'haidom' is not defined

Maana yake ni kwamba jina "haidom" halijapewa thamani yoyote. Ukikutana na ujumbe wa namna hii, usome mstari wa mwisho kwanza, kwa sababu ndipo kosa linapotajwa. Kisha tazama juu yake namba ya mstari wenye tatizo. Hapa ni mstari wa 3. Tangu toleo la 3.10 lililotoka mwaka 2021, Python hata hukisia jina ulilokusudia.

Mambo ya kukagua

1. Tahajia. Kwa kompyuta, "mchango" na "michango" ni majina mawili tofauti.
2. Herufi kubwa na ndogo. Katika Python, "Katesh" si "katesh".
3. Mpangilio. Programu husomwa kutoka juu kwenda chini. Jina haliwezi kuitwa kabla halijapewa thamani.
4. Alama za nukuu. Neno la kawaida lisipowekewa alama hizo hudhaniwa kuwa jina la thamani.

Wanaotumia Excel hukutana na jambo hilohilo kwa sura nyingine: #NAME?. Ukiandika =JUMLA(B2:B9) badala ya =SUM(B2:B9), Excel haitalitambua neno hilo, hata kama kwetu ni Kiswahili sanifu.

Dawa iliyo mbaya kuliko ugonjwa

Usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha taarifa, kishawishi huwa kikubwa. Mtu huongeza mstari mmoja juu: haidom = 0. Ujumbe unatoweka, na jumla inatokea: 250. Lakini jumla ya kweli ni 650. Mchango wote wa Haydom umefutika, na hakuna alama yoyote nyekundu ya kumwonya msomaji. Mwaka unaofuata wazee watauliza fedha yao ilikwenda wapi, nasi tutakosa jibu.

Zipo lugha zinazofanya kosa hilo zenyewe. Visual Basic iliyomo ndani ya Excel, isipoandikwa maneno Option Explicit juu ya ukurasa wa programu, hulichukua jina isilolijua kama kitu kitupu, na katika kujumlisha hulihesabu kuwa sifuri bila kusema lolote. Maneno hayo yakiwapo, itagoma na kueleza kuwa jina halijatambulishwa. Tunashauri yaandikwe daima.

Kwa hiyo tusiuone ujumbe wa kosa kama aibu. Mtunza stoo anayerudi kuuliza "gunia hili sijaliona, ni lipi?" ni mwaminifu kuliko anayeleta gunia tupu akanyamaza. Kutojulikana si sawa na sifuri. Hata kwenye daftari la mkono, usharika ambao haujaleta hesabu uandikiwe "haijafika", usiandikiwe 0.

Maswali kwa kamati

1. Je, majina ya sharika na mitaa yanaandikwa kwa namna moja katika fomu zetu zote?
2. Katika taarifa iliyopita, kila sifuri ilikuwa sifuri kweli?
3. Nani hulinganisha jumla ya kompyuta na stakabadhi kabla taarifa haijatumwa?