Kabla mvua haijashika: ijue mikunde ya shambani mwako

Mvua za Nachingwea na Ruangwa hushika mwishoni mwa Novemba au Desemba, na palizi ya kwanza hufuata mbio. Hapo ndipo mche wa mbaazi unapofyekwa kwa kudhaniwa gugu, au choroko iliyoota yenyewe ikaachwa katikati ya kunde za mbegu. Mimea hii ni ya ukoo mmoja, lakini kila mmoja una tabia zake. Mkulima anayezijua hupanga vizuri zaidi palizi, mavuno na mbegu ya mwaka ujao.

Katika nyanda za juu zenye baridi, malisho yana mikunde mingine, klova za asili, na mojawapo, Trifolium usambarense, imepewa jina la milima ya Usambara. Joto la mkoa wetu wa Lindi haliwafai ndugu hao. Huku kazi ya kurutubisha udongo hufanywa na kunde, choroko, mbaazi, karanga na njugumawe. Ng'oa mche mmoja taratibu wakati wa maua, upasue vinundu vya mizizini: vikiwa vyekundu au waridi kwa ndani, bakteria wanavuta naitrojeni kutoka hewani. Vikiwa vyeupe au vya kijivu, hawafanyi kazi yao.

Tofauti huanza siku ya kuota. Kunde na choroko hupandisha nusu mbili za mbegu juu ya ardhi, hivyo sota akikata shina chini yake, mche umekwisha. Mbaazi huziacha nusu hizo udongoni, na mche uliokatwa juu unaweza kuchipua tena. Kabla ya kurudishia mashimo ya mbaazi, subiri siku chache uone kama kuna chipukizi.

Baadaye tazama jani. Kunde, choroko, mbaazi na njugumawe zote zina vijani vitatu kwa kila jani. Vya mbaazi ni vyembamba, vimechongoka na vina manyoya laini. Jani la njugumawe husimama juu ya kikonyo kirefu kinachotoka karibu na ardhi. Karanga pekee ndiyo yenye vijani vinne. Kunde na choroko zinazochanganyika ghalani hutambulika kwa maua na maganda: ua la kunde ni jeupe au zambarau na ganda lake ni refu na laini, ilhali ua la choroko ni la manjano na ganda lake jembamba huwa na manyoya na hugeuka jeusi au kahawia likikauka.

Karanga ndiyo inayodai uangalifu mkubwa zaidi, nayo ina historia yake hapa. Kuanzia 1947 serikali ya Uingereza ilifyeka mapori ya Kongwa, Urambo na Nachingwea kwa mpango mkubwa wa karanga, ikajenga hata reli kutoka pwani ya Mtwara. Mpango ulitelekezwa mwaka 1951. Matrekta na fedha havikufidia ukosefu wa maarifa ya udongo na mvua za mahali penyewe.

Ua la karanga huchanua juu ya ardhi. Likishachavuka, kikonyo chake hurefuka kikishuka mpaka kiingie udongoni, na ganda hujengeka huko. Kwa hiyo palizi ya jembe ikome vikonyo vinapoanza kuingia ardhini. Magugu yanayobaki yang'olewe kwa mkono. Ganda lenyewe hufyonza kalsiamu moja kwa moja kutoka udongo unaolizunguka, ndiyo maana udongo maskini hutoa maganda matupu hata pale ambapo majani yamestawi. Jasi, inayochimbwa Kilwa, hufaa ikinyunyizwa wakati wa maua. Panda mapema na kwa kubanana, kama sentimita 50 kwa 10, kwani shamba linaloziba mapema huwapunguza vidukari wanaoeneza ugonjwa wa kudumaa. Watafiti wa TARI Naliendele wametoa aina kadhaa, zikiwemo Pendo na Nachingwea 2009.

Njugumawe nayo huzaa ardhini, lakini ni mzaliwa wa Afrika na huvumilia ukame kuliko karanga. Kwenye mchanga uliochoka, ipewe nafasi kabla ya karanga.

Mbaazi za asili zinazochelewa huongozwa na kufupika kwa siku. Ukizipanda Januari hazitachanua mbali sana na zile za Desemba; zitakuwa fupi tu na zenye matawi machache. Mwanzoni hukua polepole, hivyo mahindi au ufuta hukaa nazo bila kugombana sana. Wanaouza kupitia chama kikuu cha ushirika cha RUNALI wanakumbuka bei ilivyoanguka India ilipowekea mipaka uagizaji mwaka 2017, na hilo linatosha kuwafanya wasiweke shamba lote kwenye zao moja.

Suala la mbegu lisipuuzwe. Karanga, choroko na njugumawe hujichavua zenyewe, kwa hiyo mbegu safi hubaki safi kwa misimu kadhaa. Mbaazi hutembelewa sana na nyuki, na aina mbili zilizo karibu huchanganyika. Chagua mapema sehemu ya kati ya shamba, mbali na mbaazi za jirani, weka alama kwenye miti yenye afya isiyonyauka, na uvune maganda yake peke yake kabla wavunaji hawajaingia shambani.