Gunia la Mkaa Halina Kiuno

Wadogo zangu wa bodaboda wa Somanga, leo dada yenu naongea kama abiria. Nyie mmekaa katikati ya pikipiki. Sisi wa nyuma tuko juu ya gurudumu lenyewe, kila shimo linaishia kiunoni. Na sisi tuliokatiwa barabara na mvua za Kimbunga Hidaya, Mei 2024, hatuhitaji kuelezwa njia mbovu.

Mmoja wenu ananiuliza anunue shokapu gani, maana mkewe akipanda hushuka kashika mgongo. Kaona jozi nyekundu, ndefu, zinang'aa. Mdogo wangu, tulia. Zungusha pete kwanza. Ile pete yenye ngazi kwenye springi si pambo. Ukiwa peke yako ilegeze. Ukimpakia mkeo ipandishe ngazi moja au mbili, kushoto na kulia sawasawa. Springi haigeuki kuwa ngumu zaidi. Kinachotokea ni kwamba nyuma inarudi kwenye kimo chake, haigongi chini. Gharama yake ni kuazima spana.

Kisha kandamiza kiti kwa nguvu, uachie. Kikipanda mara moja na kutulia, oili ya ndani ya shokapu bado inafanya kazi. Kikicheza kama mtumbwi kwenye maji ya bamvua, oili imekwisha, na hapo pete haikusaidii. Tazama pia ile fimbo ya shokapu inayong'aa. Huku kwetu chumvi ya bahari haina huruma: kutu ikiitia vidonda, vidonda vinachana sili, oili inavuja. Ukiona unyevu wa mafuta umeshika vumbi, sasa nenda dukani.

Nunua zote mbili, hata kama iliyovuja ni moja. Pima zile za zamani, tundu la juu hadi tundu la chini, na mpya ziwe urefu uleule. Ndefu zinanyanyua makalio ya pikipiki, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, na stendi ya pembeni inailaza mno. Muuzaji akikwambia ngumu ndiyo imara, mwambie unabeba mtu. Gunia la mkaa halina kiuno. (Wa mishikaki msiniulize, shokapu ya watu wanne sijaiona.)

Fundi akimaliza kuzifunga, usimlipe bado. Mpakie mkeo mpaka stendi na kurudi, kwa mwendo wako wa kila siku, halafu mtazame anavyoshuka.