Ana lupus, ni mwembamba, na mafuta ya damu yamepanda

SWALI: Nina miaka 34 na naugua lupus. Mimi ni mwembamba, vya kukaanga sili, ila vipimo vinaonyesha mafuta yamezidi kwenye damu. Naambiwa chanzo ni prednisoloni. Niiache? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Usiiache, wala usijilaumu kwa chakula. Lupus yenyewe huvuruga mafuta ya damu, hata kwa mgonjwa ambaye hajaanza dawa: trigliseridi hupanda na lehemu nzuri, ile inayosaidia kusafisha mishipa, hupungua. Kinga iliyougeukia mwili hudhoofisha kimeng'enya kinachovunja mafuta. Figo nazo zikishambuliwa na protini ikapotea kwenye mkojo, ini huzidisha kutengeneza lehemu mbaya. Wembamba haukingi hayo, na ujana pia haukingi. Hatari yake kubwa ni kwa moyo: mwaka 1976 madaktari wa Toronto walieleza kwamba wagonjwa waliofariki miaka mingi baada ya kuanza kuugua walikuwa wakiuawa na moyo, hata lupus ikiwa imetulia. Utafiti wa Pittsburgh wa mwaka 1997 ulikuta wanawake wenye lupus wa miaka 35 hadi 44 wakipata shambulio la moyo zaidi ya mara 50 kuliko wenzao wa rika hilo.

Waliokuambia habari ya prednisoloni hawakukosea kabisa, kwani dozi kubwa ya muda mrefu hupandisha mafuta. Lakini ukiikatisha ghafla lupus inaweza kulipuka, na tezi zilizo juu ya figo, zilizozoea kutegemea kidonge, zinaweza kushindwa kufanya kazi yake, na hilo linaweza kuua. Njia salama ni daktari wako kuipunguza taratibu, ikiwezekana hadi miligramu 5 kwa siku au chini ya hapo. Dawa ya lupus iitwayo haidroksiklorokwini husaidia kufika huko, na yenyewe hushusha mafuta kiasi, ila macho yapimwe.

Wapo wanaotaka kila mwenye lupus apewe statini, dawa za kushusha lehemu. Ninaelewa hofu yao, lakini jaribio la Marekani lililochapishwa 2011, la atovastatini kwa miaka 2, halikuzuia mishipa ya moyo kukakamaa. Kwa hiyo statini hutolewa kwa kuangalia kiwango cha lehemu, presha, figo na uvutaji sigara, na anayepanga kushika mimba amwambie daktari kwanza.

Kliniki ijayo, omba mafuta ya damu, protini ya mkojo na presha vipimwe siku moja, na majibu yasomwe kwa pamoja.