SOMO LA 12: KUSAFISHA KOMPYUTA YA CHAMA

Mkoani Singida alizeti ni fedha. Mkulima hulima, hupalilia, huvuna, hupiga na kupepeta. Kisha hupeleka magunia kwenye chama cha ushirika. Huko mzigo hupimwa na kilo huandikwa. Zamani kilo ziliandikwa kwenye leja tu. Siku hizi vipo vyama vinavyoandika kwa kompyuta. Kilo zikipotea, jasho la mkulima limepotea.

Tuseme chama kimoja cha wilaya ya Iramba kina kompyuta moja. Ni mwezi wa Juni. Wakulima wamepanga foleni mbele ya mizani. Lakini kompyuta imekuwa nzito. Katibu anabonyeza, nayo inakaa kimya. Mara maneno yanatokea kwenye kioo: "Hatari! Kompyuta yako ina takataka na makosa 1,200. Lipa sasa isafishwe."

Katibu anashtuka. Anakwenda kwa viongozi wenzake.

"Ndugu Mwenyekiti, shikamoo. Shikamoo, Mama Mhazini. Kompyuta inaumwa. Tununue programu ya kuisafisha."

"Marahaba," anajibu Mwenyekiti. "Kama inaumwa, tuinunulie dawa. Wakulima wanangoja."

Mama Mhazini anatikisa kichwa. "Fedha hizi ni za wanachama. Tena, anayetuuzia dawa ndiye huyo huyo aliyepima ugonjwa. Tutamwamini vipi? Tumwulize kwanza mwalimu wa darasa letu."

Mwalimu anakuja. Anawaeleza hivi.

Takataka za kompyuta ni nini?

Kompyuta ikifanya kazi huweka mafaili ya muda. Mengine hubaki bila kazi, kama makapi baada ya kupepeta. Hayo yakifutwa, nafasi huongezeka.

Lakini mengine si takataka. Ni kama maji ya mtungini. Mama huteka maji kisimani na kuyaweka mtunginí ili asiende kisimani kila anapotaka kunywa. Kompyuta nayo huweka karibu vitu inavyovitumia mara kwa mara. Ukimwaga mtungi kila asubuhi, utarudi kisimani kila asubuhi. Ukifuta mafaili hayo kila siku, kompyuta itayatafuta tena. Pengine itayavuta tena kwa intaneti, na bando lako litakwisha upesi.

Tena kompyuta ya Windows ina daftari lake la ndani. Humo huandika programu zilizopo na jinsi zinavyofanya kazi. Baadhi ya programu za kusafisha hufuta mistari ya daftari hilo. Je, mgeni akichana kurasa za leja yenu, leja itakuwa safi zaidi? Microsoft, kampuni inayotengeneza Windows, haiungi mkono programu za kusafisha daftari hilo. Mstari mmoja unaotakiwa ukifutwa, kompyuta inaweza kukataa kuwaka.

Mambo yaliyotokea kwingine

Mwaka 2017 wahalifu walificha programu mbaya ndani ya CCleaner, programu mashuhuri ya kusafisha kompyuta. Kompyuta zaidi ya milioni 2 ziliipokea kabla haijagunduliwa. Watu walitaka ufagio, wakaletewa mwizi.

Mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ilizishtaki kampuni mbili za Kupro, Restoro na Reimage. Ilisema ziliwatisha watu kwa maneno ya uongo kwenye kioo ili wanunue matengenezo. Kampuni hizo zilikubali kulipa dola milioni 26.

Si kila programu ya kusafisha ni ya ulaghai. Nyingine hufuta makapi kweli. Lakini Windows ina ufagio wake wa ndani, na haulipiwi. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Basi tufanye nini?

1. Usibonyeze tangazo la kutisha. Lifunge. Usitoe fedha wala namba ya siri.

2. Nakili kumbukumbu za chama kwenye flashi mbili. Zifungue uone kama zinasomeka. Flashi moja ikae ofisini. Ya pili ikae kwa Mhazini. Fanya hivi kwanza, kabla ya kufuta kitu chochote.

3. Izime kompyuta na kuiwasha upya. Mara nyingi hiyo peke yake hupunguza uzito.

4. Tazama nafasi iliyobaki. Diski ikikaribia kujaa, kompyuta huwa nzito. Ondoa picha na video zisizo za chama. Kisha futa kapu la taka.

5. Tumia ufagio wa Windows. Umo ndani ya mipangilio, sehemu ya hifadhi. Soma kila mstari kabla ya kukubali. Usifute vilivyopakuliwa bila kutazama. Huenda humo mna barua na risiti.

6. Ondoa programu zisizotumika. Zuia zile zinazojiwasha bila kazi.

7. Ondoa vumbi. Singida ina upepo, na vumbi huziba matundu ya kupitisha hewa. Kompyuta ikipata joto sana hupunguza mwendo. Izime, chomoa waya wa umeme, kisha tumia brashi laini na kavu. Usitumie kitambaa chenye maji.

Kazi ya kufuta haihitaji kufanywa kila siku. Ifanye nafasi inapopungua. Lakini kunakili kumbukumbu kusingoje. Kufanywe kila siku ya mizani.

Wenye simu za kupangusa nao wafuate njia hiyo. Simu hupanga yenyewe kazi za ndani. Tangazo likisema simu ina takataka, fungua mipangilio, sehemu ya hifadhi, utazame mwenyewe.

Katibu anafuata maneno ya Mwalimu. Anakuta video za harusi na za mpira zimejaza diski. Matundu nayo yamejaa vumbi jekundu. Anasafisha. Kompyuta inakwenda vizuri. Fedha za chama zimebaki sandukuni.

"Na kama ingebaki nzito?" anauliza Mwenyekiti.

"Ingekuwa imezeeka, au diski yake inakufa," anajibu Mwalimu. "Hapo ufagio hausaidii. Mwite fundi. Lakini kwa kuwa mmenakili, hata ikifa leo, kilo za wakulima zipo."

Mama Mhazini anaikunja flashi yake katika pembe ya khanga.

Maneno ya kujifunza

Faili: maandishi au picha iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta.
Flashi: kifaa kidogo cha kuhifadhia nakala.
Programu: maagizo yanayoifanya kompyuta itende kazi.

Maswali

1. Kwa nini Mama Mhazini hakuliamini tangazo?
2. Mafaili yapi ni kama maji ya mtungini? Yapi ni kama makapi?
3. Kwa nini tunanakili kabla ya kufuta?
4. Jadilianeni: katika kijiji chenu, nani anatunza nakala ya pili ya kumbukumbu za chama?
5. Andika sentensi tatu za kumshauri jirani aliyeona tangazo la kutisha kwenye simu yake.