Dondoo Muhimu: Punguza Uzito wa Modeli Yako ya SketchUp

Modeli ya jengo ikijaa samani, miti na mabomba, faili huwa zito na kompyuta hukwama. Fanya hivi:

• Kabla ya kufuta chochote, hifadhi nakala ya faili kwa jina jingine.

• Fungua Model Info, kisha Statistics, ubofye Purge Unused. Vifaa na rangi ulivyoviondoa kwenye mchoro hubaki ndani ya faili mpaka uvisafishe hapa.

• Dirisha, kiti au nguzo inayojirudia ifanye kuwa Component. Programu huhifadhi umbo lake mara moja tu, hata ukiweka nakala mia.

• Duara huja na pande 24. Kwa bomba dogo, chagua zana ya duara, andika 8, bonyeza Enter, ndipo uchore.

• Samani za 3D Warehouse zikague kwanza kwenye faili la pembeni. Nyingine zina skrubu na mishono isiyoonekana kamwe kwenye mchoro wa jengo.

• Punguza ukubwa wa picha za vigae na mbao kabla ya kuziingiza.

Kumbuka: kuficha kitu hakupunguzi uzito wa faili. Kisichohitajika, kifute.