Trekta la Kufyekea Majani: Shamba Lipimwe Kwanza

Wahenga wetu walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Walimkemea mvivu, ambaye kila jembe apewalo hulitia kasoro, hata jua likachwa naye hajalima tuta moja. Neno hilo ni la kweli mpaka leo. Walakini majembe hayatofautiani sana kwa bei wala kwa uzito, na mwenye kulikosea jembe hapotezi ila jasho la siku moja. Trekta si hivyo. Akosaye kulichagua aweza kupoteza akiba ya miaka mingi, au fedha ya watu waliochanga pamoja, na ndani yake mna shilingi ya mjane. Tena trekta lisilolingana na ardhi laweza kumwua mwendeshaji wake. Basi katika jambo hili kuchagua si uvivu, bali ni sehemu ya kazi yenyewe.

Twawaandikia ndugu zetu wenye kutunza viwanja vya shule, vya zahanati na vya makanisa, pamoja na wenye mashamba ya minazi. Wengi huuliza: Trekta la kukatia majani liwe la ukubwa gani? Somo hili lajibu kwa maswali manne. Ardhi ni ya namna gani? Majani ni ya namna gani? Kazi ni ya saa ngapi kwa mwaka? Hatari iko wapi? Kwa mfano tumechukua kijiji cha Bwejuu, pwani ya mashariki ya Unguja, kati ya Paje na Michamvi, kwa sababu ardhi yake haimsamehe mtu asiyetazama chini. Lakini kabla ya kufika Bwejuu yafaa tukumbuke habari za Kongwa, maana nchi yetu imekwisha kuona gharama ya kununua nguvu kabla ya kuijua ardhi.

Funzo la Kongwa

Baada ya vita vya pili vya dunia Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 lilitolewa shauri la kulima karanga katika Afrika ya Mashariki, katika eka zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni milioni 25. Kazi ilianza mwaka 1947 huko Kongwa, katika nchi ya Ugogo. Yakaletwa matrekta mazito, mengi yakiwa masalio ya vita. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta, vikaitwa Shervick.

Nguvu ilikuwapo tele. Kilichokosekana ni kuijua ardhi. Mibuyu na vichaka vyenye mizizi migumu vilivunja vyombo. Wakati wa kiangazi udongo ulikauka ukawa kama tofali, na changa zake kali zikasaga makali ya majembe. Mvua nayo ilikuwa haba. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango ule, na pauni milioni 36 zikahesabiwa kuwa hasara.

Sasa tazameni jambo la pili lililotukia katika miaka iyo hiyo. Mwaka 1946 Harry Ferguson alianza kutoa trekta lake liitwalo TE20, lililotengenezwa katika mji wa Coventry huko Uingereza. Lilikuwa dogo, nguvu zake hazikufika 30 za farasi. Lakini mikono mitatu ya nyuma ilishika jembe kwa namna ya kwamba mzigo wa jembe lenyewe ulikandamiza magurudumu ya nyuma, hata trekta likapata mshiko pasipo kuongezewa chuma. Hata kufikia mwaka 1956 matrekta hayo zaidi ya 500,000 yalikuwa yametengenezwa. Hatusemi kwamba dogo hushinda kubwa daima, maana kung'oa msitu kwahitaji uzito. Twasema hivi: ukubwa haufai kitu mpaka ulingane na kazi na ardhi.

1. Ardhi ni ya namna gani?

Katika Bwejuu kuna ardhi mbili. Karibu na bahari ni mchanga mweupe, na juu yake minazi. Nyuma yake ni maweni, yaani mwamba wa matumbawe ya kale, ambao udongo wake ni mchache na umekaa katika vishimo kati ya mawe. Mkulima wa maweni hupanda shimo kwa shimo, kwa jembe la mkono na mtaimbo. Majani yakisimama baada ya masika, ardhi zote mbili huonekana sawa kwa mbali. Ndipo mgeni hudanganyika.

Kwa hiyo, kabla ya kutaja trekta lo lote, tembea shamba zima kwa miguu, ukichoma chini kwa fimbo kila hatua chache. Utakapogonga jiwe, tia alama. Penye mawe yaliyochomoza hapafai trekta la ukubwa wo wote. Dogo litavunja visu vyake. Kubwa litavunja visu na kurusha mawe mbali zaidi. Mahali hapo chombo chema ni panga na mundu, au mbuzi. Wala si aibu. Mwenye kutumia mundu penye mawe ana akili kuliko mwenye kuvunja trekta hapo.

Kwenye mchanga habari ni nyingine. Huko adui ni uzito. Trekta zito lenye magurudumu membamba huzama na kuchimba mifereji, na kadiri linavyojitahidi ndivyo linavyozidi kushuka. Jepesi lenye magurudumu mapana hupita juu. Tena mtu wa Bwejuu akienda Cheju akaona trekta kubwa likilima bonde la mpunga, asirudi nyumbani akisema, "Nami nataka kama lile." Bonde lile lina udongo wa kina, maweni hayana.

2. Majani ni ya namna gani?

Fyekeo la trekta ni visu vizito vinavyozunguka chini ya bamba la chuma, vikiendeshwa na shafti itokayo nyuma ya trekta. Mafundi wana kanuni nyepesi: kwa kila futi moja ya upana wa fyekeo, pawe na nguvu za farasi 5 hivi kwenye shafti ile, ikiwa majani ni ya kawaida. Yakiwa marefu yenye vichaka, zahitajika zaidi. Basi fyekeo la futi 4 lataka nguvu 20, na la futi 8 lataka 40. Msomaji akumbuke kwamba nguvu iliyoandikwa kwa ajili ya injini hupungua kidogo kabla ya kufika kwenye shafti. Kwa hiyo asinunue kwa kubana.

Tena upana wa fyekeo usipungue upana wa magurudumu. Ukipungua, magurudumu yatalaza majani ambayo visu havitayafikia, na kiwanja kitabaki na mistari kama kichwa kilichonyolewa vibaya. Wala usizidi sana, maana chini ya minazi njia ni nyembamba, na makuti yaliyoanguka na nazi zilizolala majanini huvizia visu. Hizo ziokotwe kwanza.

3. Kazi ni ya saa ngapi kwa mwaka?

Hapa ndipo wengi hupotea, maana huhesabu bei wasihesabu saa. Tufanye hesabu pamoja. Fyekeo la futi 4 lina upana wa mita 1.2 hivi. Trekta likienda kilomita 4 kwa saa, litapita juu ya mita za mraba 4,800. Toa sehemu moja ya tano kwa ajili ya kugeuka na kurudia, zabaki 3,840. Eka moja ina mita za mraba 4,047. Basi trekta dogo hukata karibu eka moja kwa saa.

Tuseme mtu wa Bwejuu ana eka 2 za minazi kwenye mchanga, naye akata majani mara moja kwa mwezi. Kazi yake ni saa 2 kwa mwezi, yaani kama saa 24 kwa mwaka mzima. Siku zilizobaki trekta limekaa, na upepo wa chumvi utokao baharini wala chuma chake. Mtu huyu asinunue trekta. Na afunge ng'ombe kwa kamba chini ya minazi, akimhamisha kila siku; atakata majani, atatoa samadi, na huenda akatoa maziwa. Au akodi mashine kwa saa zile mbili.

Lakini tuseme shule na majirani wake wana eka 40 za uwanda mzuri, usio na mawe. Kwa trekta lile dogo kila mkato ni saa 40 na zaidi, yaani siku tano za saa nane nane. Hapo fyekeo la futi 8 na trekta la nguvu 40 au 50 hupunguza kazi kwa nusu, na gharama yake hugawanyika kwa wengi. Kwa watu hawa kubwa ndilo lifaalo. Mwaka 2009, wakati wa Kilimo Kwanza, pawatila nyingi ziliingizwa Tanzania. Katika mabonde ya mpunga zilifaa sana. Katika udongo mkavu mgumu zilishindwa. Mashine ilikuwa ile ile, ila ardhi ilikuwa nyingine.

4. Hatari iko wapi?

Swali hili si la mwisho kwa uzito. Shafti ya nyuma huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa kila sekunde. Ikishika upindo wa kanzu au kanga, hakuna mkono wa mtu uwezao kuuvuta. Basi shafti iwe na kifuniko, na mwendeshaji avae nguo zilizombana.

Jiwe lililopigwa na kisu laweza kuruka makumi ya mita. Watoto na wapita njia wakae mbali mpaka visu visimame. Abiria asipandishwe, hata akiomba.

Trekta hupinduka kwenye mteremko, na pia kwenye tambarare ikiwa gurudumu moja limetumbukia katika shimo lililofunikwa na majani. Mashimo ya namna hiyo ni mengi katika nchi ya matumbawe. Kwa hiyo trekta liwe na upinde wa chuma juu ya kiti, na mwendeshaji afunge mkanda. Bei ya trekta lisilo na upinde ni nafuu, lakini nafuu hiyo hulipwa na wake na watoto.

Neno la mwisho

Watu husema, "Kipya kinyemi, ingawa kidonda." Trekta jipya lafurahisha macho, na kubwa lafurahisha zaidi, nao wachangao fedha hupenda kuona kitu kikubwa kwa mchango wao. Walakini wazee wa shirika wasiuzwe na macho. Na watembee shambani kwanza, wahesabu mawe, wapime upana, wajumlishe saa. Wakimaliza, ukubwa wa trekta utajitaja wenyewe. Na mara nyingine watakuta kwamba jibu ni mundu, wamshukuru fundi mhunzi, na fedha ile waitie katika kisima au darasa.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini trekta kubwa si dawa ya ardhi yenye mawe?
2. Fyekeo la futi 6 lahitaji nguvu za farasi ngapi kwenye majani ya kawaida?
3. Kiwanja chenu ni eka ngapi, na hukatwa mara ngapi kwa mwaka? Fanyeni hesabu ya saa.
4. Nani kati yenu ametembea kiwanja chote kwa miguu mwaka huu, na aliona nini chini ya majani?